Kitako cha Gorogoro

Jumapili, Kibuye, jua halijapata makali.
Mama ananikumbusha somo la zamani:
kabla hujapimiwa mahindi na mtu usiyemjua,
igeuze gorogoro, kitazame kitako.
Wapo wanaokigonga nyundo hadi kikaingia ndani.
Juu utaona kilima, punje zikimwagika,
utashukuru, utaaga,
na chini umelipia hewa.

Nimelala saa tatu. Nilishuka na ndege ya usiku,
nimekuja na kipakatalishi, na kweli nimekipakata
kama mtoto mwenye homa asiyeachiwa jirani.
Nimekalia gunia la njugu. Simu nimeifunika kwa leso,
nayo inatetemeka humo ndani kama kifaranga.
Ni Kirimi, mkuu wangu. Anataka jedwali la kiwanda cha sukari
kabla ya adhuhuri: ukurasa wa arobaini na moja,
samawati imekolea mno.
Mnunuzi wa kiwanda yuko Dubai.
Hapendi samawati iliyokolea.

Sitadanganya: pesa ni nzuri.
Laki nne na nusu kwa mwezi, na bonasi kila Machi.
Anayesema pesa si kitu
hajakaa kwenye benchi la hospitali akaambiwa
nenda, ukizipata rudi.
Baba anasafishwa damu Jumanne na Ijumaa.
Vipindi mia moja na nne, vyote nimelipa mimi,
kwa simu, kidole kimoja, baina ya mkutano na mkutano.
Sijakaa naye hata kimoja.
Muuguzi Bosibori ndiye anayejua kwamba Baba
hupenda kusomewa matangazo ya vifo gazetini,
akicheka kwa kuwa jina lake bado halimo.
Humwita binti yangu.
Mimi nikipiga simu huniita Madam.
Ni mzaha. Nadhani ni mzaha.

Nikachukua kalamu ya madeni ya Mama,
nikaandika mgongoni mwa pakiti ya majani chai:
laki nne na nusu, gawanya kwa saa mia nne na thelathini.
Elfu moja, arobaini na sita, na nusu.
Mama akachungulia. "Kabla ya kodi au baada?"
"Kabla."
"Basi hicho kitako kigonge tena."

Kabla sijacheka, akaja Mama Okwiri.
Wakaongea dakika ishirini
juu ya ng'ombe wa Ahero aliyezaa pacha,
na yule ndama wa pili aliyekataa kusimama
mpaka alipowekewa redio.
Akanunua nusu gorogoro, akaenda.
Zile dakika ishirini sikuona pa kuziandika,
kwenye faida au kwenye hasara.

Na bado sijamwambia kuhusu barua.
Nimepandishwa cheo. Laki saba. Jibu linatakiwa kesho.
Laki saba: bati jipya hadi jikoni,
Okinda amalize chuo bila mkopo,
na Jumapili kama hii, pengine moja kwa mwaka.
Usiku nimeipima, alfajiri nimeipima,
mkono mmoja ukichoka naihamishia wa pili.

Saa tano nikafungua kipakatalishi juu ya gunia,
nikaipunguza ile samawati. Sekunde kumi na moja.
Kirimi akajibu: Sawa. Na wa arobaini na mbili?

Nilipoinua macho, mtoto amesimama na sarafu ya ishirini,
na Mama, bila miwani, ameshachomoa karatasi begini mwangu,
nyeupe, nzito, nzuri kwa kazi,
ameikunja pembe, anaijaza njugu.
Nembo ya kampuni imebaki nje, imepinda.
Ningeweza kusema ngoja.
Nakala ipo kwenye barua pepe, najua, haijaenda popote.

Mtoto akaondoka akitafuna.
Nami nikaigeuza gorogoro ya Mama, nikakitazama kitako.
Kimenyooka. Kina kutu kidogo pembeni.