Hesabu ya Matone

Brno haina bahari. Nchi nzima haina.
Bahari yetu ni lita mia mbili na arobaini,
iko ghorofa ya saba, kati ya kabati na dirisha,
na chumvi yake huja kwa posta
ndani ya ndoo ya plastiki.

Mimi ni mwokaji mikate. Narudi alfajiri
na unga kwenye nyusi, nawasha taa ya buluu,
na Ludmila, kabla ya shule, huniletea sindano.
Mililita tano za maji. Tone moja, tikisa.
La pili, tikisa. Yeye ndiye mwenye kuhesabu,
maana macho yangu saa hizo yameshaliwa na tanuri.
Buluu, buluu, bado buluu,
kisha tone moja tu, na maji yote huwa manjano
kama mtu aliyekumbuka neno.
"Saba," anaandika kwenye daftari la miraba.
Wiki iliyopita ilikuwa nane.

Tukaongeza magadi.
Soda ile ile ya kazini: niliitandaza kwenye trei,
nikaioka saa nzima, nikaikoroga,
nikaidondosha usiku nyuma ya pampu.
Asubuhi: saba.
Nikaongeza.
Sita.
Nikaongeza tena.

Matumbawe hayalii. Hiyo ndiyo taabu yake.
Mbwa angebweka, mkate ungenuka.
Haya yalipauka tu nchani,
rangi ikirudi nyuma vidoleni, mfupa ukichungulia,
na ndani ya maji ikaanguka theluji,
nyembamba, ya chokaa, juu ya pampu na kioo,
huku ya nje ikifunika reli za tramu.
Kalisi inatukimbia, nilisema. Kila kitu kinashuka.
Nikamgeukia mtoto:
"Unahesabu vibaya. Unaruka matone."

Akanyamaza. Akahesabu upya, kwa sauti,
moja, mbili, mpaka sita,
na chini ya sita akapiga mstari
penseli ikatoboa karatasi.

Jumamosi nilibeba maji katika chupa ya jamu,
ndani ya koti, yasigande njiani,
hadi kwa Dobromila, mwenye duka nyuma ya stesheni.
Hakuuliza kitu. Akafungua dawa mpya,
akadondosha, nami nikahesabu moyoni.
Sita ikapita. Tisa. Kumi na moja, buluu.
Kumi na tano ndipo manjano.

"Chupa yako unaiweka wapi?"

Juu ya hita ya ukutani, nikasema,
kizibo nimekiegesha tu, mikono yangu ikirudi imechoka.

"Basi maji yake yamepaa, asidi imebaki.
Tone lako moja ni mawili na nusu.
Mwezi mzima umetibu ugonjwa wa chupa."

Alinipa dawa ngumu kuliko zote: usifanye kitu.
Mimi, ambaye kazi yangu ni kukanda.
Maji yakimwagika hayazoleki, sawa,
lakini yaliyoharibika hubadilishwa:
lita ishirini leo, ishirini Jumatano,
si zaidi, maana hata kupona ghafla huua.
Katikati ya hapo, mikono mfukoni.

Usiku ule nilifungua daftari
nikazipitia zile sita zake, moja moja,
na kando ya kila moja nikaandika kwa kalamu:
Ulihesabu sawa.
Zilikuwa kumi na tisa. Sikufupisha.

Asubuhi akasoma, akafunga daftari, hakusema.
Alichukua chupa mpya kutoka mfukoni mwa koti langu,
akakaza kizibo mpaka kikalia,
akaiweka kwenye friji, nyuma ya haradali,
mahali ambapo mimi, nikiwa na usingizi,
sifiki.

Tumbawe la kushoto halikurudi.
La kulia lina ncha moja ya kijani,
ndogo kama punje ya mtama,
na hatuigusi.