Risiti ya Mbegu

Februari hapa Wiskonsini baridi haina adabu:
huingia bila hodi, hulala hadi Aprili.
Ng'ombe sitini na wawili wamekwisha kukamuliwa,
mikono yangu yanuka aiodini,
nami nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
kando ya mtamba anayetaka kuzaa,
tochi kwenye paji, kitabu magotini.

Usinicheke.
Nakijua kabla sijakifungua.
Jalada lina binti wa boneti, nyuma yake ngano,
na mbingu ya rangi ambayo mbingu yetu
haijaivaa kwa miaka hamsini na minane.
Mwaka ni 1871. Mehitabel ameshuka garimoshi Dakota
na sanduku moja, Biblia ya marehemu mama yake,
na barua ya kufundisha katika shule
ambayo haijajengwa.

Mhunzi atakuwepo. Daima kuna mhunzi,
mgane, mpole kwa farasi, amemnunia Mungu
tangu siku alipomzika mkewe.
Najua nzige watakuja. Najua shule itaungua.
Najua atapiga magoti ghalani, sura ya ishirini na tisa,
na kwamba busu ni moja tu, kurasa tatu kabla ya mwisho,
baada ya amina.
Najua yote, na bado moyo wanienda mbio
kama wa msichana aliyetumiwa salamu.
Nani huacha kuimba tenzi
kwa sababu ubeti wa mwisho anaujua?

Navipata chini ya kanisa, katika kabati la Gudrun Haugen,
kati ya mabirika ya kahawa
na majoho ya malaika wa Krismasi yaliyoliwa na nondo.
Huandika jina langu kwenye kadi, kisha hunong'ona
kama muuza magendo: "Hiki, Ardis, utalia."
Ukurasa wa tisini una doa la jamu.
Nalijua doa hilo. Ni la Solveig,
hawezi kungoja amalize kula.

Einar, mume wangu, huviita sabuni:
povu jingi, harufu nzuri, shibe hakuna.
Miaka thelathini na minne, "nakupenda" kaitamka mara moja,
hospitalini, kalewa dawa ya usingizi,
na hata hapo sina hakika alikuwa akiongea na nani.
Sala yake ni ile ya mezani, maneno tisa, halafu viazi.
Lakini gari langu, kila alfajiri ya theluji,
nalikuta linanguruma, kioo kimekwanguliwa.
Jambo hilo halimo katika sura yoyote.

Usiku huu nimefungua penye uzi wangu mwekundu,
ukurasa wa mia na arobaini.
Kitabu kikakataa. Kikafunguka mbele,
mia mbili na kumi na nne,
penye risiti ya mbegu za alfalfa, magunia kumi na mawili,
iliyokunjwa mara nne
jinsi mtu mmoja tu duniani anavyokunja kila kitu.

Amenipita! Kurasa sabini na nne!
Mzee yule, na miwani yake iliyofungwa waya,
amekaa hapa zamu yake, juu ya ndoo hii hii,
akimngoja Mehitabel.

Mlango ukafunguka. Ikaingia theluji, kisha yeye.
Akaziona kwato mbili zikichungulia,
akavua koti, akajipaka sabuni hadi kwenye kiwiko.
Tukavuta pamoja, bila neno, kama tuvutavyo siku zote,
mpaka akatuangukia majanini ndama jike,
mweusi, mwenye hasira ya kuzaliwa.

Akajifuta kwa gunia. Hakunitazama.
"Yule mhunzi ni mjinga," akasema.
"Barua ile angeisoma mapema."
"Barua gani? Einar, usiniambie!"
Masikio yake yakawa mekundu; labda ni baridi.
Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko,
akapindua ndoo ya pili, akakaa.
"Haya, soma. Mimi nitanyamaza."

Nikarudi penye uzi, nikaanza.

Hakunyamaza.