Tundu Limehama

Saa nne asubuhi tulimtumbukiza,
chuma cha manjano, urefu wa jeneza la mtu mzima,
akazama kwa pua, bila kuaga.
Ni kilomita sita kutoka Utqiagvik, juu ya bahari iliyoganda.
Barafu tuliikata kwa msumeno
kama muuza duka akatavyo mche wa sabuni.

Huko chini setilaiti haimwoni,
redio haipenyi. Imebaki sauti tu:
yeye *ti*, sisi *ti*.

Kazi yake, ukiisimulia, ni ndogo:
apime joto, apime chumvi,
ageuze jicho juu aone dari letu kwa upande wake,
vilima vinavyoning'inia vichwa chini,
mwani wa kahawia ulioganda humo
kama masizi ya sufuria.

Ardith anazunguka na bunduki, asije dubu.
Mimi nimo hemani, sikio kwenye spika,
chai ya tangawizi imeshika utando wa barafu.

Nimemwandikia mistari elfu nne ya maagizo
nikasahau mmoja:
kwamba barafu nayo hutembea.
Tangu aondoke, upepo wa mashariki
umetusogeza mita mia tisa,
hema, jiko, mimi,
na kikombe hakikutikisika.
Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Sawa. Na ngama ikihama?

Saa kumi na moja, *ti*, mbali.
Saa kumi na mbili, kimya.

Ardith akaingia, akapangusa kope.
"Baba aliwahi kupoteza mbwa," akasema.
"Tulihamisha kambi yule mbwa hayupo.
Siku ya tatu tukamkuta amelala
palepale hema lilipokuwa."
Akamimina chai yangu nje, akavaa glavu.

Nami ninao mji wa namna hiyo:
Muheza, nyumba ya kona, mlango wa bluu.
Kaka ananiambia uliondolewa zamani.
Ndotoni bado nautafutia ufunguo.

Tukapanda pikipiki ya theluji, tukaufuata upepo ulikotoka,
mita mia tisa, hadi pasipo na alama yoyote.
Tukatoboa. Nikashusha waya wenye kinasa sauti,
nikashika pumzi,
Ardith akaizima injini.

Na chini ya miguu yetu,
mahali ambapo hatukuwapo tena,
*ti*,
*ti*.