Kopo, Chungu, Ndoo

Bwana Ettore alirudi kwao mwezi wa Ramadhani,
akaniachia funguo kumi na moja, mbwa mmoja kiziwi,
na kabati lililo chini ya ngazi.
Humo mna taa ya zambarau isiyojua usiku
na miche mitatu ya bangi, ukoo mmoja, siku moja ya kupandwa.
Wa kwanza kwenye kopo la maziwa ya unga.
Wa pili kwenye chungu alichonunua kwa mama mkwe wangu, kule Ganda.
Wa tatu kwenye ndoo ya rangi, ile kubwa, ya lita ishirini.

"Ngumbao," akasema, "hii si ile ya porini.
Ile hungoja siku zifupike ndipo ichanue.
Hii inahesabu siku zake yenyewe.
Ikifika, imefika. Wewe maji tu. Usiihamishe."

Basi nikawa yaya wa haramu.
Kikombe asubuhi, kikombe magharibi,
mlango nimeuegemea kama anayeficha mgonjwa.
Harufu ilipovuka ukuta hadi kwa Mwaringa, askari wa geti la pili,
nikafukiza ubani mpaka macho yakaniwasha.
Akauliza, "Hapo kwenu kuna mzazi?"
Nikasema yupo. Kajifungua watatu.

Siku ya ishirini, wa ndoo ulinifika gotini,
wa chungu kwenye muundi,
wa kopo shubiri moja na majani ya njano.
Maji yaleyale, taa ileile.
Nikauonea huruma.
Nilidhani anayelishwa hunenepa;
sikujiuliza anenepee wapi.

Usiku nikalipasua kopo kwa mkasi wa bati.
Udongo sikuuona. Niliona mizizi,
imezunguka, ikazunguka tena, kama uzi kwenye bobini,
ikitafuta mlango pasipo mlango.
Nikauweka kwenye debe, nikajaza udongo mpya,
nikasema bismillahi, nami ni mtu wa kanisa.
Ukanuna siku nne.
Siku zenyewe hazikununa nao.
Ya ishirini na nane yote mitatu ikachanua:
wa ndoo mashada kama mikia ya paka,
na ule wangu ua moja,
kidole gumba cha mtoto,
limekamilika kila kitu isipokuwa ukubwa.

Nilipoung'oa baadaye,
mizizi bado ilikuwa na umbo la kopo.
Debe zima nililoupa haukulijua.

Chumba cha askari ni hatua nne kwa tatu.
Nilikipima kwa mguu jioni ile, sijui kwa nini.
Tumo watatu, na jiko, na baiskeli.
Binti yangu anaitwa Mbeyu. Kwa Kigiriama ni mbegu;
ni jina la bibi yake, si utani wangu.
Mwaka huu sare ya shule imempanda magotini mara mbili,
na mama yake amemaliza pindo, hakuna tena la kushusha.

Bwana Ettore akapiga simu. "Watoto wazima?"
Nikamwambia wa ndoo mzima, wa chungu hajambo.
Wa kopo sikumtaja.
Akasema vizuri, akakata.
Hata mbwa hakumuuliza.

Juu kuna vyumba sita.
Vitanda vimefunikwa mashuka meupe,
vinangoja wageni ambao hawajakata tiketi.
Nikachagua ufunguo mmoja, ule wa chumba cha upande wa mkorosho.
"Mbeyu, lala hapa. Mpaka arudi."
Akauliza kama ni dhambi.
Nikasema ni kitanda.

Saa nane usiku nilipanda kumtazama, viatu mkononi.
Kitanda kile kinalaza watu wanne.
Alikuwa pembeni kabisa, magoti kidevuni,
mgongo umegusa ukuta,
kana kwamba baiskeli bado ipo.