Mkono Si Kioo

Dundee, mwezi wa kwanza. Saa kumi bado na taa zimeshawashwa.
Nachanganya rangi kwenye kifuniko kidogo cha chuma:
udongo kidogo, waridi kidogo, tone la chai ya maziwa,
nusu ya tone. Imekuwa nyekundu mno. Naifuta. Naanza tena.

Morag Petrie amelala chali, anatazama dari.
Aliendesha basi la mji miaka ishirini na sita
na hadi leo akisikia gari likikata kona huko nje
mguu wake wa kulia unatafuta breki.

Kazi hii sikuiingia kwa mlango wa mbele.
Tanga, mtaa wa Chumbageni, nilikuwa mshika taa
Bi Mwanakheri akiwachora hina maharusi.
Akimaliza mkono wa kulia hakuunakili.
Wa kushoto aliupa ua lake, jani lake, kosa lake.
"Mkono si kioo," alisema, pini mdomoni.
Mimi nilidhani ni uvivu.

Kisha viza, kisha koti la kuazima,
kisha nyumba ya wazee, ambako nilijifunza
kugeuza mwili wa mtu bila kuuonea.
Kisha vyeti. Kisha wodi ya saratani, zamu za usiku,
mishipa iliyojificha kama watoto wasiotaka kuogeshwa.
Nilikuwa mwepesi wa kuipata. Wenzangu waliniuliza siri.
Ningewaambiaje? Kwamba nimeshika mikono elfu
iliyokuwa ikisubiri furaha,
na mkono unaosubiri habari mbaya
una uzito uleule.

Nilichora ili nisisinzie: nyuma ya chati za joto,
kwenye maboksi ya glavu.
Sista mkuu, Catriona, akaokota boksi moja,
nikajua kazi sina. Akaligeuza. Akaligeuza tena.
"Unaweza kuchora kitu kimoja, kidogo, cha duara,
kikaonekana kama hakikuchorwa?"

Mama kwenye simu: "Kumbe ulivuka bahari kwenda kuchora!
Si ungechora hapahapa, ukala muhogo wako?"
Nimemwambia ni maua. Si uongo sana.
Namwambiaje mama kwamba nachora chuchu
pale kisu kilipopita kikaacha mstari
ulionyooka kama mtu aliyekata shauri?

Yule wa kwanza nilimpimia kwa bikari.
Duara kamili. Alijitazama, akashukuru kwa adabu,
kama mgeni aliyepewa kikombe chenye jina la mwingine.
Nililia kwenye stoo ya mashuka.
Bi Mwanakheri alikuwa kaburini mwaka wa nne
na ndiyo kwanza nilimsikia.

Ngozi hii haihisi. Maharusi walishtushwa na ubaridi wa hina,
walicheka, walivuta mkono, wakaharibu ua.
Morag hatikisiki. Mashine inavuma kama nyuki chupani
naye ananisimulia ruti yake, kituo kwa kituo,
mpaka kile alichosimamisha basi tupu, siku ya majibu,
akakaa tu, taa za hatari zikikonyeza,
mpaka mzee mmoja akagonga mlango: "Unaenda?"

"Nikamwambia naenda."

Leo nauachia mkono utetemeke kidogo, kwa makusudi.
Ukingo nauacha uvuje. Nukta za kivuli upande wa chini,
juu nuru kama ya dirisha ambalo halimo chumbani humu.

Nampa kioo.
Kimya, kirefu kuliko nilivyozoea.
"Ile inatazama daraja," anasema hatimaye,
"hii inatazama dukani."
"Nirekebishe?"
"Thubutu!"

Anafunga vifungo, anakosea kimoja, anakiacha.
Naosha kifuniko. Rangi iliyobaki ni nzuri mno,
na haimfai mtu mwingine yeyote mji mzima.
Naimwaga.