Herufi Niliyokosa

Mwenge, nyuma ya duka la vipuri,
nafunga tasnifu. Jalada jeusi, herufi za dhahabu
nazipiga kwa moto, moja moja.
Mwaka wa kumi na tisa huu. Madaktari niliowafunga
ni wengi kuliko nguzo za taa kutoka hapa hadi Ubungo,
na sijamsoma hata mmoja mpaka mwisho.
Kiingereza changu huishia kwenye shukrani,
pale wanapowataja mama zao.

Jumanne akaja Kokuhumbya, mhadhiri wa udongo,
kitabu amekiviringisha kwenye kitenge kama mgonjwa.
Mgongo umevunjika, kurasa zimeng'oka,
ya mia mbili na sita ina duara la kahawa.
"Nilikipata kwa muuza mitumba kule Tartu,
mwaka wa kwanza, theluji ikinifika magotini.
Nataka kizeeke nami."

Nikakifungua. Irabu zimevaa nukta mbili mbili,
zinafuatana kwa jozi
kama watoto wa chekechea wakivushwa barabara.
Lugha gani hii?
"Ya Estonia."
Wenyewe wangapi?
"Milioni moja na ushee. Kama Temeke."
Temeke ipi?
"Temeke. Wilaya."

Mimi naishi Tandika.
Nikaweka gundi chini.

Yaani Temeke tupu, Keko hadi Mbagala Rangi Tatu,
ina chuo kikuu chenye karibu miaka mia nne,
na profesa wa Yombo Vituka
anawaeleza vijana wa Mtoni jinsi ini linavyosafisha damu
kwa maneno yaleyale
ambayo mama yake alimwitia chakula.
Mtu alikaa kikao, chai ikapoa,
wakabishana siku nzima elektroni iitweje,
na hakuna aliyesema hii lugha ni ya sokoni.

Nasi tu wangapi? Usinihesabie.
Juzi nimefunga tasnifu ya mihogo, kurasa mia tatu.
Mkulima wa Mkuranga kaulizwa kwa Kiswahili,
kajibu kwa Kiswahili, kwa methali mbili na tusi moja,
na alichosema kimelala humo kwa Kiingereza.
Akipelekewa nakala
ataegemezea mlango usibamizwe na upepo.

"Na wewe, mwalimu, unafundisha kwa lugha gani?"
Akatazama viatu vyake.
"Kiingereza. Wanaitikia kwa vichwa.
Maswali wananiuliza nje, kwenye korido."
Kisha: "Usidhani kule ni peponi.
Wakubwa wa vyuo wanataka Kiingereza, wageni waje.
Wenyewe wana hofu, wanagombana kila mwaka.
Ila wanagombana kwa lugha yao."

Alhamisi nikafika kwenye uti wa kitabu.
Neno lenyewe fupi: ÕPIK. Kitabu cha kiada, basi.
P ninayo, I ninayo, K imechakaa lakini inafanya kazi.
O yao ina kiwimbi kichwani.
Nikapekua sanduku lote. Kwenye kona,
inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani,
ritifaa, ile ya ng',
sijaigusa tangu nilinunue sanduku,
maana nani huandika Chang'ombe kwenye jalada?
Nikailaza ubavu, nikaipasha, nikaipiga juu ya O.

Imekaa upande kidogo.
Kokuhumbya alicheka hadi akavua miwani.
Akalipa elfu kumi na mbili, chenji akakataa.

Nyumbani Hamdani, kidato cha kwanza,
anakariri kwa sauti jina jipya
la jani kujipikia chakula kwa jua.
Mwaka jana aliliita usanisinuru,
akanieleza nikipiga pasi, nikaelewa.
Hebu nieleze tena, nikamwambia.
Akafungua mdomo. Akaufunga.
"Subiri, baba," akasema,
"sijaishika bado."