Bonyeo la Kushoto

Rangi ya kwanza ilikataa.
Ilitoka chungwa la soda, chungwa la sherehe,
na mimi nalitaka chungwa lililopigwa jua miaka kumi na moja
baina ya Ibra na Sinaw.
Nikaongeza nyeupe, tone la kahawia, tone jengine,
nikijaribu juu ya vifuniko vya mtindi
mpaka dirisha la jikoni likawa foleni ya vifuniko
na Ghusaina akauliza lini atarejeshewa jiko lake.

Mwanamume mzima, anasema, na teksi ya kutia mkobani.

Moja kwa ishirini na nne.
Maana yake mkono wa baba nje ya dirisha
ungekuwa nusu njiti ya kiberiti,
na safari yake ya Ibra hadi Maskati, nimeipigia hesabu,
ingeanza hapa mlangoni kwangu Mabela
na kuishia Sib, sokoni, kwa wauza papa.

Mwezi wa saba hapapakwi rangi mchana:
hukauka hewani kabla haijagusa bodi.
Nafanya kazi usiku, kiyoyozi nimekizima kisipeperushe vumbi,
jasho limesimama kwenye ncha ya pua,
pumzi nimeibana kama mtu anayeiba.

Taa za mbele nimezikata kwenye ganda la vidonge,
vidonge vyake vya presha, vile vya asubuhi.
Tasbihi ya kiooni ni uzi wenye mafundo.
Thelathini na tatu yamenishinda, nimefika tisa,
Mungu anajua nilichokusudia.
Vumbi ni la kweli. Nililiendea mwenyewe,
saa mbili kwenda, saa mbili kurudi,
nikalichekecha kwa kichujio cha chai.

Muhenna wa duka la vipuri,
mwenye magari mia mbili ndani ya vioo na hata mkwaruzo hamna,
alikuja akainama, akazunguka meza, akakagua mpaka pangusio za mvua.
"Limetimia. Liweke kabatini."
Bado, nikamwambia.

Nikapasha kijiko motoni.
Ubavu wa kushoto, juu ya gurudumu la mbele,
nikabonyeza.
Muhenna alishika kichwa kwa mikono miwili.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Baba kalala baada ya wali wa mchana,
funguo juu ya televisheni.
Nilitaka kufika msikitini tu na kurudi,
nimekalia mto wa kulalia ili nione mbele.
Kingo ya falaj ndiyo iliyoniona mimi.
Alasiri nikamwambia ngamia ameliegemea gari.
Alitazama bonyeo. Akatazama mchanga.
"Ngamia nao wana mambo," akasema,
akawasha, akaenda zake kutafuta abiria.
Bati lile hakulinyoosha mpaka alipoliuza.

Sasa macho yake yameingia ukungu.
Nilimwekea kigari kiganjani, wala hakuuliza ni nini.
Kidole kilipita juu ya paa,
kikaingia dirishani, kikahesabu mafundo
("Tisa? Mvivu wewe, Suweid"),
kikatoka, kikaenda kushoto polepole,
kikakaa ndani ya bonyeo
na kuenea.

Nje pampu ya jirani iliwaka, ikazima.

"Ngamia huyu namjua," akasema.
"Alivaa ndara.
Ya kulia ilikuwa imekatika kanda."

Kabatini kwangu, baina ya chetezo na chupa ya kahawa,
pana nafasi tupu, karibu shubiri moja.
Muhenna kila akija huitazama, hulamba midomo,
kisha huninong'oneza, mke asisikie,
nimeliuza kwa nani, na kwa bei gani.